Spacio 1.8 inakula oili: ringi, injini ya mtumba, au niendelee kuongeza tu?

Mpaka Grisi (Dar)
Wakuu habari za humu. Nina Corolla Spacio ya 2001, injini 1ZZ-FE. Inakula oili karibu lita moja kila kilomita 1,000, na chini hakuna hata tone linalovuja. Asubuhi ikiwashwa haitoi moshi. Ikishachemka nikakanyaga mafuta kupanda kilima, nyuma linatoka wingu la bluu hadi bodaboda wananipigia honi. Juzi taa ya injini imewaka, mashine ikasoma namba ya hitilafu P0420, na gari limekuwa zito. Mafundi watatu, majibu matatu: wa kwanza anataka kutoa masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi), wa pili anataka kushusha injini abadili ringi za pistoni, wa tatu ana injini ya mtumba kutoka Japani. Mimi mwenyewe nawaza kuongeza oili tu, maisha yaendelee. Nani kapita njia hii?

Fundi Mstaafu
Kijana, masega hayali oili. Oili inayoungua ndiyo inayoyaua masega: majivu yake yanaganda kwenye vile vitundu, hewa chafu inakosa njia, gari linakosa nguvu. Ukiyatoa leo litakuwa jepesi, utafurahi, na oili itaendelea kuliwa vilevile. Halafu hiyo P0420 inasema tu masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, haijasema yameziba.

Moshi ukitoka pale gari linapowashwa baada ya kulala, au unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga, shuku sili za valvu. Wako unatoka injini ikibeba mzigo, huo unaelekea kwenye ringi. Lakini usibahatishe. Kwanza toa valvu ya PCV, kidude cha bei ndogo kinachorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue: puliza, hewa ipite upande mmoja tu. Ikiwa imeganda, injini inaweza kuwa inavuta oili kupitia hapo. Kisha pima kompresheni, yaani mbano wa hewa, silinda zote nne. Iliyo dhaifu, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda sana ni ringi, isipopanda angalia valvu au gasketi ya hedi.

Bint Gerezani
Shikamoo mzee. Naongezea moja kuhusu 1ZZ: kompresheni inaweza kusoma vizuri kabisa na bado inakula oili. Ringi mbili za juu ndizo zinazobana kompresheni. Ya chini, ile ya kukwangua oili, ndiyo inayoganda kwa masizi, kwa sababu pistoni za matoleo ya mwanzo zina vitundu vidogo vya kurudishia oili. Toyota wenyewe walibadili muundo wa pistoni baadaye.

Kwa hiyo ringi mpya kwenye pistoni za zamani ni kununua muda tu. Weka pistoni za muundo mpya pamoja na ringi zake, na sili za valvu ubadili hapohapo maana hedi imeshafunguliwa. Fundi akikwambia "tukachonge silinda" muulize maswali mengi: bloku ni ya alumini, na slivu za chuma ndani yake ni nyembamba.

Injini ya mtumba ni kazi ya haraka, sikatai. Ila ikitoka kwenye gari la miaka ileile ya 2000 hadi 2002, umenunua ugonjwa uleule. Muuzaji anakuwashia dakika mbili dukani, moshi wa ringi utauonea wapi? Chomoa plagi uzitazame: zikiwa nyeusi na zimelowa oili, ondoka. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, hivyo bado una safari ya TRA.

Likoni 001 (Mombasa)
Mimi niko upande wa kuongeza. Kitabu cha Toyota chenyewe kinakubali hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, kwa hiyo uko mpakani, hujafa bado. Nimehama kutoka oili nyepesi ya 5W-30 kwenda 15W-40 iliyo nzito zaidi, na ulaji umepungua kiasi. Ile nzito ya 20W-50 sikuitaka kwa sababu ya VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu unaotegemea presha ya oili. Kila nikijaza petroli navuta kijiti cha kupimia oili. Usingoje taa nyekundu: injini hii inabeba oili chini ya lita 4, na cheni yake hukazwa kwa presha ya hiyohiyo oili.

Mpaka Grisi
Asanteni sana. PCV nimepuliza, inapitisha hewa pande zote mbili, kesho naweka mpya. Kuna jamaa amenishauri kumwaga dawa ya masizi kwenye matundu ya plagi ilale usiku kucha, inasaidia?

Bint Gerezani
Wengine hupungukiwa kidogo, wengine hawaoni tofauti. Ukijaribu, asubuhi zungusha injini plagi zikiwa nje, dawa itoke yote, maana silinda ikibaki na dawa utapinda koni rodi, mkono unaoshika pistoni. Kisha badili oili na filta kabla hujaendesha.

Fundi Mstaafu
Marahaba binti, nakubaliana nawe kwenye pistoni. Kijana, weka PCV, tembea kilomita 1,000 ukiandika kiasi unachoongeza, ndipo uamue. Masega mapya yangoje injini ipone. Na fundi wako wa kwanza akiyatoa ya zamani, rudi nayo nyumbani: mle ndani kuna platinamu na paladiamu, wanunuzi wanayatafuta sana.

Mpaka Grisi
Kumbe ndiyo maana alisema atanitolea bure!