Waandaaji wa safari za Natron, hivi "beba maji ya kutosha" ni lita ngapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Kila zikikaribia sikukuu mabango ni yale yale: "Natron na Lengai, siku mbili, usafiri, hema, nyama choma, mpiga picha." Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: "Beba maji ya kutosha, jaketi zito na viatu vizuri." Hiyo orodha ni ya safari za Lushoto, kule kwenye baridi ya milimani, imebandikwa huku bila kuguswa. Ziwa Natron liko mita kama 600 tu kutoka usawa wa bahari, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mchana nyuzi 40 ni jambo la kawaida. Mtu wa Dar akisoma "kutosha" anabeba chupa mbili za lita moja na nusu, anaona kajitahidi.

Haya, tuwapigie hesabu maana nyie hamtaki. Anayetembea juani kule anaweza kutoka jasho lita nzima kwa saa moja. Anatakiwa anywe kama robo lita kila dakika 15 hadi 20, asisubiri kiu. Matembezi ya saa nne, weka lita tatu. Kunywa kambini mbili. Kupika na chai, moja na nusu. Kuosha miguu na uso baada ya kutoka kwenye magadi ya ziwani, nyingine moja na nusu. Hapo ni lita nane kwa kichwa kwa siku. Watu 15 kwa siku mbili ni lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20. Ongeza robo ya akiba, kwa sababu ile barabara ya kutoka Mto wa Mbu ina mitikisiko ya kutoboa dumu, unapata madumu 15.

Hizo ni kilo 300. Na siri yote iko hapo, kwa sababu kilo 300 ni abiria wanne na mabegi yao. Mnachagua abiria. Kreti za bia lakini hazikosi nafasi, sijui kwa muujiza gani.

Na msituambie "ziwa si lipo". Maji ya Natron ni magadi, pH yake inapita 10. Vichujio vya mkononi vinazuia vijidudu, haviondoi chumvi iliyoyeyuka. Ukiyachemsha ndiyo kwanza unayakoleza. Vijito vya Engaresero, kijiji cha karibu na ziwa, navyo mifugo inakunywa humo humo, kwa hiyo bila kuchemsha ni kuharisha, na anayeharisha kwenye joto lile anakauka haraka.

Halafu suala la saa. Mlima Lengai, volkano ya mita 2,962, haupandwi usiku kwa ajili ya mapenzi na nyota. Unaanza saa tano au sita usiku, unapanda saa tano hadi sita, kunakucha ukiwa ukingoni, unashuka kabla jua halijakomaa. Sasa nyie basi linatoka Arusha mchana kwa kusubiri wachelewaji, mnafika usiku, watu wale, wapige stori, mnaanza kupanda saa tisa. Saa tatu asubuhi bado wako njiani kwenda juu! Saa sita mchana wanashuka mteremko wa majivu usio na mti hata mmoja, chupa tupu, magoti yanatetemeka, na yale majivu yanateleza kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa moja asubuhi, na mwongozaji Mmasai akisema "turudi" msimbishie kisa mteja kalipa. Glavu ngumu za fundi ujenzi kwa kushukia, tochi ya kichwani yenye betri za akiba, kofia ya pama. Jinzi baki nayo nyumbani, ikilowa jasho inachubua mapaja.

Ufukweni mnawapeleka watu saa saba mchana, eti mwanga mzuri. Muda huo hewa inachezacheza, heroe (flamingo) wanaonekana kama doa la pinki huko mbali, na watu wanalifuata. Ule ukoko mweupe unaonekana mgumu kama sakafu, ukikanyaga unapasuka, chini ni tope jeusi linalomeza mguu. Mwenye kidonda kisigino atajua hajui. Nendeni saa 12 alfajiri, saa tatu muwe mmerudi kivulini.

Hema likisimamishwa juani mchana ni tanuri; lisimamishe jioni, mchana funga turubai tu, pande zote wazi. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havishiki kwenye majivu, upepo wa jioni unaving'oa kimoja kimoja. Jaza mawe kwenye kiroba, funga kamba, kifukie. Na kwenye korongo kavu msilale hata kama mchanga ni laini: mvua inanyesha nyanda za juu Ngorongoro, kambini nyota zinawaka, maji yanakuja.

Kingine kinachouma ni mtu anaanza kuongea ovyo na kuyumba, mnampa soda na vidonge vya homa. Huyo joto la mwili limempanda mpaka kichwani, na vidonge havilishushi. Kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, gari liwashwe aende hospitali huku mnaendelea kumpooza. Akiwa amechanganyikiwa msimnyweshe kitu, yatampalia. Maji ya kummwagia yanatoka wapi? Kwenye yale madumu mliyoyaacha.

Nyongeza: kuna mkuu kauliza kwa nini asinywe lita tatu kwa mpigo kabla ya kuanza. Ukifanya hivyo chumvi kwenye damu inashuka, unaanza kutapika na kichwa kuuma, watu wanadhani umekaukiwa wanakuongezea maji. Usizidishe lita moja na kidogo kwa saa, na beba ORS, zile pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Pakiti zimeisha? Vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi.