Kusafisha filamu nyeusi na nyeupe Kigoma: maji ya bomba nyuzi 26, negativu zina madoa

Ujiji_135
Wakuu, naomba msaada. Nasafishia nyumbani. Filamu ni HP5 Plus ya 35mm (kasi 400), divelopa (dawa ya kutoa picha) ni D-76 bila kuzimuliwa, tangi la Paterson la rili moja (kigurudumu cha kuviringishia filamu), fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) ya maji 1+4, yaani sehemu 1 kwa 4 za maji. Maelekezo yanataka nyuzi 20 kwa dakika 7½, lakini maji ya bomba huku ni 26. Divelopa naishusha kwa barafu, fiksa na maji ya kuoshea natumia yalivyo. Chembe za picha ni kubwa mno kwa filamu ya 400, na ikikauka ina vialama vyeupe vya mviringo. Nibadilishe divelopa, au shida ni maji?

FundiIsevya
Divelopa haina kosa, mkuu. Kosa ni hizo nyuzi sita kati ya divelopa na fiksa. Jelatini ya kwenye filamu ikitoka kwenye ubaridi na kutumbukia kwenye uvuguvugu inavimba ghafla, chembe za fedha zinasongamana na picha inaonekana imemwagiwa mchanga. Ikizidi, emalsheni (tabaka la filamu lenye picha) inajikunja vikunjo vidogo ambavyo haviondoki tena.

20 si amri. Fanya kila kitu kwa 24. Beseni pana, maji, simamisha humo chupa ya divelopa, ya siki (ya kusimamisha kazi ya divelopa), ya fiksa na dumu la maji ya kuoshea. Barafu za mifuko zikae kwenye beseni zikiwa zimefungwa. Ukizitia ndani ya divelopa unaizimua bila kujua kwa kiasi gani. Pimajoto liwe moja kwa chupa zote. Likidanganya, lidanganye sawasawa.

Halafu zimua D-76 1+1, yaani 150 ml kwa 150 ml za maji. Sababu ni muda. Ikiwa haijazimuliwa, zile dakika 7½ zinashuka hadi kama 5½ kwa nyuzi 24, na kwa 26 uko chini ya 5. Ukifika huko, sekunde za kumimina na kumwaga tu zinatosha kukuletea mistari kwenye anga la picha. Kwa 1+1 ni dakika 11 kwa nyuzi 20, kama 8 kwa 24. Pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10 za kwanza, kisha mara 4 kila dakika inapoanza, na uligonge mezani ili mapovu yaachie filamu. Ukimaliza, hiyo iliyozimuliwa mwaga, haitumiki tena.

Siki nyeupe ya dukani, sehemu 1 kwa 4 za maji, sekunde 30. Kwa fiksa usitegemee dakika za kwenye chupa: kata ncha ya filamu, itumbukize mwangani, hesabu mpaka iwe angavu, zidisha mara mbili. Hiyo ndiyo dakika yako. Siku ncha ikichukua mara mbili ya ilivyochukua fiksa ikiwa mpya, hiyo fiksa imekufa.

MwangaBW
Naomba kupinga kidogo hilo la barafu. Maji ya ziwa hayabadilikibadiliki, kwa hiyo Kigoma ni rahisi zaidi kuacha vyote kwenye 26 na kusafisha 1+1 kwa dakika 7 kasoro. Beseni linalotiwa barafu kila mara ndilo linalopanda na kushuka.

FundiIsevya
Kwa HP5 sawa, nakubali. Kwa filamu ya Fomapan hapana: emalsheni yake ni laini, kwa 26 unaikwaruza kwa ukucha tu. Na sisi wa Tabora maji ya tangi la juani saa nane mchana hayashikiki, huku beseni ni lazima.

MamaNegativu
Kuhusu madoa: inamisha filamu kwenye mwanga uone yako upande gani. Yakiwa upande unaong'aa ni chumvi za maji tu. Maji ya Tanganyika yana alkali, pH inakaribia 9, na magnesi nyingi. Tone likikauka linaacha duara. Loweka upya dakika 10 kwenye maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi), yatatoka. Yakiwa upande wa emalsheni mara nyingi hayaishi.

Dawa ni suuzo la mwisho: 300 ml za maji yaliyotoneshwa na 1.5 ml ya Photo-Flo (dawa ya kufanya maji yateleze bila kuacha matone), pima kwa bomba la sindano. Ukizidisha inabaki utando. Maji hayo yako kwenye maduka ya spea kwa jina la maji ya betri, ila soma chupa vizuri, maana asidi ya betri inakaa rafu hiyohiyo. Maji ya mvua yanafaa pia, si ya mvua ya kwanza iliyoosha bati. Yachuje kwa kitambaa.

Usifute kwa vidole. Tundika bafuni, mwagia sakafu maji ili vumbi litulie, kibanio kizito chini, na feni izimwe.

Kama mna mgao wa maji, kuosha hakuhitaji bomba wazi: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Inatosha kwa fiksa isiyo na kigumishi (dawa ya kukaza emalsheni).

Ujiji_135
Asanteni sana. Swali la nyongeza: D-76 ikiisha, kahawa inafaa kweli kuwa divelopa?

MwangaBW
Inafaa. Kwa lita 1: sodiamu kaboneti 54 g, vitamini C 16 g, kahawa ya Africafe 40 g, na kwa filamu ya 400 ongeza chumvi ya mezani yenye madini joto 10 g kupunguza ukungu (weusi unaotanda filamu nzima). Dakika 15 kwa nyuzi 20. Kwa 24 anza na 11, ujaribie filamu isiyo na picha za maana. Kahawa ya bei rahisi yenye robusta ndiyo inayotakiwa, hiyo ya kunyweshea wageni iache.

Magadi ya maharage usitumie, ni mchanganyiko na nguvu yake haijulikani. Chukua beking soda (si beking pauda) 86 g, ikaange kwenye sufuria kavu huku ukikoroga. Inatoa gesi na mvuke na kupungua uzito. Mizani ikisoma 54 g imeshakuwa kaboneti. Vidonge vya vitamini C visiwe vile vya kuyeyuka kwa povu. Yeyusha kaboneti kwanza, vitamini polepole maana inatoa mapovu, kahawa mwisho. Subiri dakika 5 mapovu yaishe, tumia saa hiyohiyo. Kaboneti inayobaki fungia kwenye chupa kavu, inavuta unyevu na uzito unakudanganya.