Kidude cha kusoma upepo wa tairi za semi: kimenyamaza mpaka tairi imepasuka. Nirudishe dukani?

Mwenye Semi Moja
Wakuu habari za muda huu. Nina semi moja tu, ndio mtaji na ndio pensheni yangu, kichwa cha difu mbili na tela ya ekseli tatu, jumla tairi 22, zote 315/80R22.5 tubeless. Inabebea mbolea kutoka bandarini Dar kupandisha Tunduma hadi Zambia. Sasa mwezi uliopita nikaona nimechoka kila safari kuombea tairi, nikaenda Kariakoo nikanunua ile seti ya sensa zinazofungwa kwenye valvu kama kifuniko, na kidude chake cha mkononi chenye kioo kinaonyesha upepo na joto la kila tairi.

Alfajiri ya safari tumejaza tairi zote 115, mimi na utingo tukafunga sensa, setingi sikugusa kitu zaidi ya kubadilisha kipimo cha upepo kutoka bar kiwe PSI maana hizo bar sizielewi. Suka (dereva wangu) akaondoka. Saa tisa mchana ananipigia yuko Mikumi, bosi kidude kinapiga kelele hakinyamazi, tairi sita zinasoma 128 mpaka 131. Nikamwambia si tulijaza 115, punguza hizo zote zirudi 115. Akapunguza, kikanyamaza, mimi huku nikajiona mtaalamu.

Wamelala Makambako. Asubuhi fundi wa pale kapima na geji yake moja ya zile tairi akapata 100, kidude kinasema 97, fundi akacheka akasema hiyo ni toi. Wakaondoka. Wamepita Igawa kabla hata ya kufika Chimala, tairi ya ndani ekseli ya pili ya tela upande wa kushoto, pwaa! Imeondoka na madigadi. Kidude kimelia sekunde ile ile tairi nayo imeshalia. Sasa faida yake nini? Halafu zile za ekseli ya mwisho ya tela muda mwingi hazisomi, inaonyesha vistari tu. Nirudishe au kuna kitu nimekosea?

Pancha wa Msamvu
Pole mkuu. Ila nikwambie ukweli usinichukie, hiyo tairi umeipasua wewe kwa simu.

Upepo ukipata joto unapanda. 115 uliyojaza alfajiri Dar kwenye nyuzi 25, tairi ikitembea na mzigo ikafika nyuzi 60 itasoma 130 na ushee. Hiyo 130 ni ile ile 115 yako, hakuna aliyeongeza kitu. Sasa suka kaitoa ikiwa ya moto mpaka 115, ikaenda kulala Makambako kwenye baridi, tuseme nyuzi 15, lazima ikusomee 97. Kidude hakijadanganya hata kidogo. Asubuhi kaondoka na 97 chini ya mzigo kamili, tairi inalala ubavu, inajikunja kila mzunguko, inapika kamba zake kwa ndani, na ya ndani ya pacha (zile tairi mbili zilizofungwa pamoja) ndio haina hewa ya kuipoza, imekaa jirani na drum ya breki. Miaka yote nashinda nabandua hizo maiti, ukiikata unakuta mpira wa ndani umegeuka unga mweusi kama masizi. Hiyo sio tairi mbovu, hiyo ni tairi iliyotembea na njaa.

Tairi ya moto haitolewi upepo. Nasema tena, HAITOLEWI.

Mwenye Semi Moja
Duh. Kwa hiyo laki kadhaa zangu nimezitoa mwenyewe pale Mikumi. Sawa fundi nimepokea. Lakini mbona 97 hakikulia? Kililia kwenye 128 ambayo unasema ni nzuri, kikanyamaza kwenye 97 ambayo ni mbaya. Huyo mlinzi au mwizi?

Kaka Nyundo
Ndio maana sisi wa zamani hatuhangaiki na hivyo vitu. Utingo anashuka na nyundo anagonga tairi moja moja, sauti inakwambia kila kitu. Betri haiishi hiyo.

Pancha wa Msamvu
@Kaka Nyundo nyundo itakwambia tairi imekufa. Gonga ya 115 na gonga ya 97 halafu uje uniambie ipi ni ipi, nakupa soda kreti nzima.

Kaka Nyundo
Kreti ya nini kwanza, isije ikawa maji 😂

Dada wa Uyole
Habari zenu. Mimi nasimamia gari za mzee wetu, zipo saba, zote tumezifunga hizi sensa huu mwaka wa pili, kwa hiyo nayajua makosa yote maana nimeyafanya yote.

Kaka Mwenye Semi, kidude chako kilikuwa kinalinda namba za dukani. Vingi vinakuja vimewekwa upepo wa msingi, mfano 100, alamu ya juu asilimia 20 na ya chini asilimia 15. Piga hesabu: juu inalia ikipita 120, chini inalia ikishuka chini ya 85. Sasa 130 yako ya mchana lazima kilie, na 97 yako ya asubuhi kwake ni nzuri kabisa. Kilifanya kazi uliyokipa. Fungua setingi uangalie, nina hakika hazitakuwa mbali na hapo.

Namna ya kufanya, gari ilale kwanza. Mimi nataka angalau saa tatu nne imesimama, na isiwe upande mmoja umechomwa na jua, kwa hiyo alfajiri ndio poa. Jaza kwa geji unayoiamini. Halafu ingia setingi weka msingi 115 kwa ekseli zote kama zote unazijaza sawa, kama za mbele unaweka tofauti basi ekseli ya mbele ipe namba yake, kidude kizuri kinaruhusu kila ekseli peke yake. Ya juu weka asilimia 25, italia karibu na 144, huko ikifika kuna tatizo la kweli. Ya chini mimi naweka asilimia 10, italia ikigusa 103. Wengine wanasema inasumbua, mimi nasema bora isumbue. Joto weka 75.

Swali langu kwako, mlivyofunga na utingo mlifunga moja moja au mlizimwaga zote kwa pamoja?

Mwenye Semi Moja
Dada asante sana. Tulikuwa tunakimbizana na foleni ya mizani, yeye anafunga huku mimi nabonyeza kule. Nikisikia inalia naendelea inayofuata.

Dada wa Uyole
Hahaha basi sina uhakika hata kama tairi iliyokuwa inalia Mikumi ndio ile suka aliyoitoa upepo. Sensa inaanza kupiga mawimbi ikishagusa upepo. Mkifunga mbili kwa pamoja kidude kinakamata yoyote, kinaweza kukuwekea ya kulia kuwa kushoto na ya nje kuwa ya ndani.

Chagua nafasi kwenye kioo, kwa mfano tela ekseli ya kwanza kushoto nje. Bonyeza ile batani ushikilie mpaka ile picha ya tairi ianze kuwakawaka. Ndio sasa utingo anafunga sensa MOJA, zingine ziko mfukoni au kwenye boksi. Kikilia na namba ikatokea, unaenda nyingine. Ukimaliza zote 22 hujamaliza, zunguka tena, fungua sensa moja bila mpangilio angalia kwenye kioo ni ipi inashuka. Kama umefungua ya kulia na inashuka ya kushoto, rudia. Inachosha, mara ya kwanza tulitumia karibu saa mbili gari moja, lakini ni mara moja. Na chukua peni ya rangi andika namba kwenye kila sensa, siku mkihamisha tairi utanishukuru.

Pancha wa Msamvu
Naongezea la kwetu mafundi. Hiyo sensa ukiifunga inabonyeza kile kisindano cha valvu muda wote, kwa hiyo anayezuia upepo usitoke sio valvu tena, ni karingi kadogo ka mpira ndani ya sensa. Kakiliwa unavuja taratibu na utalaumu tairi. Kila ukifunga paka maji ya sabuni. Kaza kwa mkono tu, nimeona mtu anakaza na plaizi mpaka uzi wa valvu umekatika, tairi nzima hewani saa sita usiku pale Mikese. Na kwenye pacha hakikisha valvu ya ndani na ya nje zimepishana, moja huku nyingine ng'ambo, sio zinaangaliana, la sivyo mkono haupiti. Yale mapaipu ya mpira ya kurefushia valvu ya ndani usifungie sensa, uzito wake unayachezesha mpaka yanapasuka. Tafuta ya chuma.

Juma wa Changamwe
Niaje ndugu zangu, mimi niko Mombasa napiga Malaba. Hapo kwa vistari vya tela, tatizo si sensa, ni umbali na chuma. Wewe umekaa na hiyo kitu kwa dashbodi, sensa iko mita kumi na kitu nyuma, katikati kuna chesisi, mzigo, na ekseli zenyewe. Shuka utembee nayo mkononi mpaka nyuma utaona zote zinaingia, ndio raha ya hizi za mkononi. Lakini ukiwa unaendesha utahitaji ripita, kale kaboksi ka kudaka mawimbi na kuyasukuma mbele, funga mbele ya tela ama nyuma ya kichwa. Tafadhali soma maandishi kabla hujaunganisha waya, lori ni volti 24. Ukipewa ya volti 12 peke yake utanusa moshi kabla hujatoka yadi. Tafuta imeandikwa 12 hadi 24. Hata ile chaja ya kidude ya kuchomeka kwa sigareti, angalia vivyo hivyo.

Mwenye Semi Moja
Kaka Juma shukrani, nilikuwa nimeshaona moja ya elfu thelathini nikaona bei nzuri, kumbe ni ya 12. Mungu mkubwa.

Bado moja linaniuma. Fundi wa Makambako geji 100, kidude 97. Nani mkweli?

Ticha Fizikia
Wote wawili. Geji ya fundi inapima tofauti ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Makambako iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo tairi ile ile bila kuiongeza kitu geji itasoma juu kwa PSI kama mbili na nusu. Sensa nyingi za aina hii zenyewe hazijali hewa ya nje, zinapima upepo wote wa ndani halafu zinapunguza humo namba moja ya hewa ya pwani iliyowekwa kiwandani. Ndio maana kidude kilibaki 97 na geji ikasoma karibu 100. Tofauti ya mbili tatu ukiwa nyanda za juu usihangaike nayo. Ukiona tofauti ya nane hapo kuna mmoja mgonjwa.

Kaka Nyundo
Kumbe shule ina faida. Nyundo yangu haijui mita 1,600.

Mwenye Semi Moja
Wakuu nimerudi na mrejesho, gari iko Tunduma inasubiri kuvuka.

Nilifunga upya zote alfajiri na utingo, moja moja kama dada alivyosema, na kweli nikakuta nne zilikuwa zimebadilishana nafasi, mbili kati yake ndani na nje. Msingi 115, juu 25, chini 10, joto 75. Ripita nimenunua ya 12 hadi 24, vistari vimeisha isipokuwa moja moja inapotea dakika mbili tatu kisha inarudi. Mikumi zilisoma 127 mpaka 130, suka akanipigia nikamwambia usiguse kitu. Alfajiri Makambako zote 110 na 111, kimya, na kwa hesabu ya fundi ndio zinavyotakiwa kwa ile baridi.

Sasa la maana, nirudi nyuma kidogo kabla ya Makambako. Kapandisha mlima Kitonga, alipofika juu kidude kikalia joto, tela ekseli ya mwisho kulia nje inasoma 83 wakati wenzake wako 55, upepo nao umepanda kuliko wote. Suka akaniuliza bosi nipunguze? Nikacheka peke yangu. Nikamwambia paki pembeni, Kitonga ulikuwa unapanda, breki hukuzitumia, sasa hilo joto linatoka wapi? Kashuka kapitisha mkono jirani na rimu, hashiki. Wamefika Ilula wamefungua, breki ilikuwa imeshika haiachii, lainingi imebaki kama karatasi.

Pancha wa Msamvu
Hapo sasa umeanza kukitumia. Mwambie fundi aliyefungua aangalie na beringi ya hiyo hab (kitovu cha gurudumu) kabla hawajavuka, grisi ikishapikwa kwenye joto hilo haifai tena.

Mwenye Semi Moja
Wamebadilisha lainingi tu, grisi hawakugusa. Ngoja nimpigie sasa hivi kabla hajaitwa.