Buabua wa kisiwani: nihesabu ndege au viota?

Kijana wa Kizimkazi
Asalaam aleykum. Nimo katika kamati ya uvuvi ya shehia yetu. Mbele yetu kuna kisiwa cha jiwe (jina silitaji, mayai yataliwa) ambako buabua waridi, ndege wa baharini, hutaga wakati wa kusi. Nilipokuwa mdogo ami yangu alinipeleka kwa ngalawa. Ukikaribia walipaa wote, hamsikilizani kwa kelele. Siku hizi unasikia mpaka maji yanavyopiga mwamba.

Mwaka jana niliwahesabu angani kama 200. Mwaka huu 140, kesho yake 210! Niandike ipi? Na kila nikipanda juu, kunguru wanashuka. Juzi nilimwona mmoja karuka na yai mdomoni, rangi ya mchanga, lina madoa. Nimeumia sana, maana mie ndiye niliyemwinua mama yake.

Bi Mwanaisha
Waaleykum salaam mwanangu. Nimehesabu misimu mingi. Wa angani waache. Mmoja kalalia, mwenzake kaenda kuvua, wengine bado hawajafika umri wa kutaga. Kiota chenye yai ndiyo jozi moja, basi.

Nenda mara moja tu, wiki kama tatu baada ya yai la mwanzo, maana yai hukaa siku 23 hivi na wengi watakuwa wamelalia. Nenda asubuhi na mapema, jua halijapanda. Kinda akiachwa kwenye jiwe la moto hufa upesi. Dakika ishirini, mteremke.

Mwende wawili. Wa mwanzo atie kipande cha tambi kavu, kiwe alama, katika kila kiota anachokiona. Wa pili apite nyuma yake, ahesabu vyote na vyenye tambi. Tuseme wa mwanzo katia 60, wa pili kaona 50, na 40 kati ya hivyo vina tambi. Zidisha 60 kwa 50, gawa kwa 40: viota 75. Hapo unapata hata vile mlivyovikosa nyote wawili, na buabua waridi hupenda kujificha chini ya majani na kwenye mianya.

Kunguru hao si wa kwetu, waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale takataka. Wakikufuata, ni kwamba wamejua ukipanda wao hula. Siku nyengine hesabu kwa darubini ukiwa chomboni.

Nahodha Mstaafu
Bi Mwanaisha kasema kweli. Nami naongeza: buabua waridi huhama. Mwaka huu hapa, mwakani jiwe jengine. Ukikuta patupu usiandike wamekufa, waulize wenzako wa shehia za jirani, wahesabu wiki hiyo hiyo. Na tazama panya, nao hula mayai. Kisiwa cha Chumbe walitaga mamia ya jozi mwaka 1994, na panya wakaondoshwa pale 1997. Chombo kikilala hapo usiku, kikague kwanza. Sisi wavuvi tunawafuata ndege hawa kutafuta jodari, wakiondoka tutafuata nini?

Kijana wa Kizimkazi
Ahsante bi mkubwa, ahsante nahodha. Nimeshanunua tambi paketi moja, na mwenzangu wa pili ni binti yake ami. Tunasubiri upepo upoe kidogo. Zile 140 na 210 nimeziacha daftarini, lakini nimeandika pembeni: "ndege angani, si jozi."