Antivairasi: ya bure inakuuza, ya kulipia inakutisha. Waache!

Wakuu, huu uzi ni wa hasira na sipunguzi makali.

Kampuni za antivairasi zinajua jambo moja na hazitaki mnunuzi alijue: toleo la bure na la kulipia la kampuni ileile kwa kawaida hutumia injini ileile ya kunasa virusi. Unacholipia zaidi ni nyongeza: VPN (njia iliyofichwa ya kupitia intaneti), kitunza nywila, udhibiti wa watoto, "kisafisha kompyuta". Anayezihitaji alipe, hakuna ubaya. Ubaya ni kumtisha kwa maandishi mekundu kwamba kompyuta ina mamia ya matatizo, kumbe yaliyohesabiwa ni vidakuzi vya kivinjari ("cookies") na mafaili ya muda. Huo ni ulaghai!

Za bure nazo zisijifanye safi. Januari 2020 ilifichuka kwamba Avast ilikuwa ikikusanya historia ya kuvinjari ya watumiaji wake na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5. Yaani mlinzi uliyemweka getini ndiye anayeuza daftari la wageni. Ukisakinisha ya bure, kataa kiendelezi chake cha kivinjari ("extension"), kisha ingia sehemu ya faragha uzime kila kisanduku cha kushirikisha data. Na kulipa si kinga ya upuuzi: mwaka 2021 Norton 360 iliongezewa kipengele cha kuchimba sarafu za kidijitali, na aliyekiwasha alikatwa asilimia 15 ya alichochimba.

Halafu kuna wizi wa kadi. Bei unayoiona ni ya mwaka wa kwanza tu. Leseni ikijihuisha unakatwa bei kamili, mara nyingi bila wewe kukumbuka. Kuondoa programu kwenye kompyuta HAKUSITISHI malipo. Ingia kwenye akaunti yako katika tovuti yao, zima kujihuisha siku ileile uliyonunua.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni zile za majaribio zinazokuja na kompyuta mpya. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, ndani, bure, lakini hujiweka kando antivairasi nyingine ikisakinishwa. Muda wa majaribio unakwisha, mtu anabaki na mfu anayedai pesa kila asubuhi. Iondoe kupitia Settings, Apps. Mabaki yakigoma, shusha zana ya kuondolea kutoka tovuti ya kampuni husika, iendeshe, washa upya. Kisha hakikisha: fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri la Windows), andika Get-MpComputerStatus. AMRunningMode iwe Normal, RealTimeProtectionEnabled iwe True, na AntivirusSignatureAge iwe 0 au 1. Hiyo ya mwisho ni umri, kwa siku, wa sahihi za virusi, yaani alama ambazo Defender huzitumia kutambua virusi; ikiwa kubwa, Defender haijasasishwa. Na msiweke antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja: zinagombania kila faili linalofunguliwa na mashine inakuwa kobe.

Ukiwa Windows Security, programu ya mipangilio ya Defender, pita kwenye Exclusions, orodha ya vitu ambavyo Defender havikagui. Zile "activator", programu za kufungulia programu za kulipia bila kulipa, hukuagiza uzime ulinzi kwanza, na nyingine hujiandika zenyewe humo. Ukikuta C:\ nzima imesamehewa, huna antivairasi. Futa hiyo, kisha fanya ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, unaofanyika nje ya Windows yenyewe. Mashine itajiwasha upya na kazi huchukua kama dakika 15. Washa pia "Controlled folder access" dhidi ya programu zinazofunga mafaili na kudai fidia, kwa sababu haiji ikiwa imewashwa. Itazuia hata programu halali kuhifadhi ndani ya Documents. Iruhusu hiyo moja, usizime ulinzi wote.

Defender ina udhaifu wake: hutegemea sana wingu la Microsoft, yaani seva zake za mtandaoni. Kompyuta inayokaa muda mrefu bila intaneti na kupokea flashi za kila mtu inastahili kutafutiwa nyingine, hata ya kulipia. Tazama majaribio ya AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck, Austria. Huonyesha kando kiwango cha kunasa ukiwa na intaneti na ukiwa huna. Linganisha safu hizo mbili, achana na nyota za matangazo.

Na acheni kuwauzia watu antivairasi badala ya masasisho! WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, ilipolipuka Mei 2017, sasisho la Microsoft la kuziba tundu lake, MS17-010, kilikuwa kimetoka tangu Machi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine inayokubali Windows 11 ahamie huko kabla hajatoa hata senti moja ya leseni ya antivairasi.