Naomba ushauri: sheria za biashara zikae wapi katika mfumo wa tiketi ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Elixir?

Kijana_wa_Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Ninaandika programu hapa Dar es Salaam, na mwaka huu nimehama kutoka PHP kwenda Elixir. Ninajenga mfumo wa kukata tiketi kwa mmiliki mmoja wa mabasi yanayoondokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Abiria huchagua kiti, mfumo humshikia kwa dakika 15, naye hulipa kwa simu. Taarifa ya malipo ikifika, tiketi hutolewa.

Shida yangu ni mahali pa kuweka sheria za biashara, yaani kanuni za mfumo kuhusu viti, malipo na kurudisha fedha. Nilikotoka, tiketi ilikuwa na darasa lake la msimbo (class) na ilijua yenyewe namna ya kujifuta. Huku sheria zimetawanyika: nyingine zimo kwenye kontrola (msimbo unaopokea maombi ya wavuti) za Phoenix, nyingine kwenye ukaguzi wa fomu wa Ecto, maktaba ya kuzungumza na kanzidata, na ile ya kukokotoa fedha za kumrudishia abiria aliyeghairi safari nimeikuta imeandikwa mara tatu, kila mahali ikitoa jibu tofauti kidogo. Wiki iliyopita malipo ya abiria mmoja yalifika dakika ya 17, wakati kiti kimeshauzwa kwa mwingine, na wote wawili wakapata tiketi. Nawaachia mkadirie maneno niliyoambiwa alfajiri ile. Sasa nafikiria kumpa kila basi mchakato wake wa GenServer (programu ndogo inayobaki hai na kutunza hali kwenye kumbukumbu) utunze viti. Je, niko sahihi?

Fundi_Mwenge:
Ndugu mleta uzi, hapana. Michakato ya Erlang, jukwaa ambalo Elixir huendeshwa juu yake, ni ya kuendesha mambo kwa wakati mmoja na kuzuia hitilafu isisambae. Si makabati ya kupangia msimbo. Seva ikizimwa, hali iliyokuwa ndani ya mchakato inapotea, na utajikuta unaandika msimbo wa kuirejesha kutoka kwenye kanzidata ileile uliyotaka kuikwepa.

Jambo la kufanya ni kutenganisha kuamua na kutenda. Andika moduli ya sheria isiyogusa kanzidata, isiyotuma ujumbe wa simu, na isiyotazama saa. Fanksheni yake ya malipo ipokee nafasi iliyoshikwa, taarifa ya malipo na wakati wa sasa, kisha irudishe uamuzi tu: thibitisha, rudisha fedha, au puuza kwa kuwa taarifa hii tulishaipokea. Wakati ukiwa hoja, yaani data unayoipitisha wewe kwenye fanksheni, jaribio la dakika ya 17 linaandikwa kwa mistari minne, bila kusubiri na bila kuigiza saa. Moduli ya nje ndiyo isome kanzidata, iulize uamuzi, na iutekeleze. Kontrola ibaki na kazi ya kupokea ombi na kupeleka jibu.

Vilevile usiweke alama tatu za ndiyo na siyo kwenye rekodi moja, yaani imeshikwa, imelipwa, imefutwa, kwa sababu siku moja utakuta nafasi iliyolipwa na kufutwa kwa pamoja na hutajua maana yake. Weka hali moja, na kila hali iwe na kifungu chake cha fanksheni.

Bi_Kanzidata:
Nakubaliana na Fundi, ila ushauri wake peke yake hautamwokoa mleta uzi. Maombi mawili yanaweza kusoma kiti kikiwa wazi kwa wakati uleule, yote yakaambiwa "thibitisha", na fanksheni ikawa haijakosea hata kidogo. Kinga ya hapo ni faharasa ya kipekee (inayokataa rekodi mbili zinazofanana) ndani ya kanzidata ya PostgreSQL, juu ya safari na namba ya kiti, kwa nafasi ambazo bado ni hai. Sharti la faharasa ya namna hiyo haliwezi kutumia saa ya sasa, kwa hiyo nafasi iliyopitwa na muda ni lazima ibadilishwe hali yake waziwazi kabla kiti hakijauzwa tena.

Badiliko la hali, rekodi ya malipo na agizo la kutuma tiketi viende pamoja kama muamala mmoja ndani ya Ecto.Multi, ili kimoja kikishindikana vyote vifutike. Usiuite mtandao wa simu ndani ya muamala huo. Mtandao ukichelewa kujibu, unashikilia muunganisho wa kanzidata bure.

Kijana_wa_Kimara:
Nashukuru sana, mama na mkuu. Jana usiku nimehamisha sheria ya kurudisha fedha, na zile nakala tatu zimekuwa moja. Limebaki moja: abiria anaandikiwa saa 12 asubuhi, kanzidata inaonyesha 03:00. Ubadilishaji huo nao ni sheria ya biashara?

Fundi_Mwenge:
Huo ni uonyeshaji tu. Tunza UTC (saa ya kimataifa), ongeza saa 3 upate 06:00 ya hapa kwetu, kisha lugha ya saa 12 asubuhi iandikwe kwenye kiolezo cha tiketi. Ila "kughairi kabla ya saa 24" ni sheria, na ihesabiwe kwa UTC kwenye ile moduli ya sheria.

Bi_Kanzidata:
Na fedha zihesabiwe kwa shilingi nzima, namba kamili. Nimeona mfumo ukimrudishia abiria shilingi 25,499.999.