Naomba ushauri: nataka kupanga mwenyewe maua ya sendofu ya mdogo wangu

Shangazi_Marangu
Wakuu habarini. Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao hapa Moshi, meza 12 za wageni na meza kuu. Bei ya mpambaji imetushinda, na nyumbani kwa mama maua yapo: waridi, yale mayungiyungi meupe ya kando ya mfereji, na majani ya masale ya mpakani. Shida ni kwamba nikiyatia kwenye jagi yanasimama wima kama fagio, na waridi kufika asubuhi yameshainamisha vichwa. Nianzie wapi?

Mpambaji_Arusha
Dada, anzia kwenye maji, mpangilio baadaye. Waridi likiinama mara nyingi lina kiu: hewa imeziba shina, maji hayapandi. Kata alfajiri au jioni, usikate saa sita jua likiwaka. Nenda na ndoo ya maji hadi bustanini, ukikata unachovya palepale. Ukiingia ndani kata tena sentimita 2 hivi kwa mshazari, kwa kisu kikali, maana mkasi butu unaponda shina. Toa majani yote yatakayozama. Yakioza yanachafua maji na shina linaziba tena. Kisha iache ndoo kivulini usiku kucha. Lililokwisha kuinama usilitupe: likate upya, lilaze lote ndani ya beseni la maji kwa saa moja hivi. Mengi huinuka.

Baba_Doreen
Kodini ya plastiki, shughuli ikiisha mnarudisha. Mnajitesa bure.

Shangazi_Marangu
Asante kaka, ila bibi harusi mwenyewe ameomba ya shambani kwa mama. Nataka yawe hayo.

Mama_Usharika
Hongera mwanangu, usirudi nyuma. Mimi napanga maua ya madhabahuni. Ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua usinunue. Chukua bakuli, futa mdomo ukauke kabisa, pitisha selotepu juu yake kwenda na kurudi mpaka upate miraba midogo. Kila tundu linashika shina moja au mawili, na hapo ndipo maua yanapoacha kusimama kama askari gwarideni.

Tanguliza majani. Kwa meza kuu, jani refu kuliko yote lifike kama mara 1 na nusu ya kimo cha chombo, mengine yalalie pembeni. Halafu mayungiyungi 3, kila moja na kimo chake. Waridi yakae chini, karibu na mdomo, yafiche selotepu. Kila ukichomeka, zungusha bakuli, maana wageni wanakaa pande zote. Meza zao zipange fupi: kaa kitini, weka kiwiko mezani, inua ngumi. Maua yakiipita, watu hawaonani.

Mambo mawili. Utomvu wa mayungiyungi hayo unawasha, watoto wasiyatafune. Na masale, unajua mwenyewe yana heshima yake, ndiyo sisi Wachaga tunayoombea msamaha. Waulize wazee wa nyumbani kabla hujayaweka mezani.

Fundi_Bustani
Kuna watu watakuambia utie sukari. Sukari peke yake inalisha bakteria, maji yananuka upesi. Ukiitia, weka na matone machache ya jiki. Mimi naona maji safi yanayobadilishwa kila siku yanatosha. Kikubwa zaidi: usiyalaze chumba kimoja na mikungu ya ndizi zinazoiva. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, na maua yanazeeka kabla ya siku yake. Nyumba za Marangu nazijua, ndizi haikosekani!

Shangazi_Marangu
Kumbe! Ndoo huwa naiweka stoo, na ndizi ziko humohumo. Wazee nitawauliza Jumapili. Naweza kupanga siku moja kabla?

Mama_Usharika
Jioni ile funga selotepu na uchomeke majani. Maua yabaki kwenye ndoo, uyapange asubuhi ukumbini. Mabakuli yasafirishe bila maji, ujazie mezani kwa jagi. Na wiki hii jaribu bakuli moja la meza ya chakula hapo nyumbani, utuwekee picha tukurekebishe.